Kima wa Jabali la Tariki: nendeni mikono mitupu

Swali: Mimi na mume wangu tunaishi Leicester na watoto wetu wawili, wa kike mwenye miaka tisa na wa kiume mwenye miaka minne. Agosti hii tutakuwa Marbella, Hispania, kwa wiki moja, na watoto wameng'ang'ania tuwapeleke Gibraltar wakawaone nyani. Je, siku moja inatosha? Jirani yetu alirudi na picha ya nyani aliyemkalia begani, na binti yangu anataka ya namna hiyo hiyo. Lakini mimi nimekulia Diani, na ninajua tumbili anavyoweza kumrukia mtu kwa ajili ya ndizi moja. Mume wangu bado anatumia pasipoti ya Tanzania. Halafu, tuchukue karanga?

Jibu: Dada yangu, nianze na karanga, kwa kuwa swali hilo ulilolitia mwishoni kama nyongeza ndilo linaloamua mengine yote. Msichukue karanga, wala ndizi, wala pakiti ya biskuti iliyokwisha kufunguliwa, wala kitu chochote ndani ya mfuko wa plastiki unaochakarika mkononi. Kuwalisha kima wa Gibraltar ni kosa kisheria, na faini yake inaweza kufika pauni 4,000. Lakini hata kama faini isingekuwapo, ningekusihi mpande huko mikono mitupu, kwa sababu nyuma ya ugomvi mwingi kati ya mgeni na kima pale juu kuna chakula, ama kilichoonekana, ama kilichonuswa, ama kilichodhaniwa tu kwamba kimo mfukoni. Mkiliondoa hilo, siku moja inatosha na inabaki, na watoto wataona mambo ambayo mtu aliyeshughulika na kugawa karanga hayaoni kabisa.

Niruhusu kwanza niwarekebishie jina, maana nyinyi watu wa pwani hamna udhuru wa kukosea. Lugha yetu inawatofautisha vizuri tumbili, kima, ngedere, mbega na nyani, wakati Waingereza wa Gibraltar wamewabandika wanyama hawa jina la "apes", linalostahili jamii ya sokwe, kwa sababu moja tu ya kwamba hawana mkia unaoonekana. Si sokwe, wala si nyani wa Mikumi. Ni kima wa jamii iitwayo makaka, ambao kisayansi hujulikana kama Macaca sylvanus, na makazi yao ya asili ni misitu ya milima ya Moroko na Algeria, ambako theluji huanguka wakati wa baridi; ndiyo maana manyoya yao ni mazito kiasi cha kuwatesa mchana wa Agosti. Huko Afrika Kaskazini wanapungua, na wamo katika orodha ya wanyama waliomo hatarini kutoweka. Gibraltar wapo zaidi ya 200, na hao ndio kima pekee wanaoishi huru katika bara la Ulaya.

Jina la mahali penyewe nalo mtaweza kuwafafanulia watoto mkiwa njiani, maana ni neno ambalo nusu yake tayari wanalo kinywani. Mwaka 711 jemadari Tariq ibn Ziyad alivuka kutoka Afrika na kutua chini ya mwamba huo, na Waarabu wakauita Jabal Tariq, yaani Jabali la Tariki; ndimi za Wahispania na baadaye za Waingereza zikalikunjakunja mpaka likawa Gibraltar. Majeshi ya majini ya Waingereza na Waholanzi yaliuteka mwaka 1704, Hispania ikaukabidhi kwa Uingereza katika Mkataba wa Utrecht wa mwaka 1713, na tangu hapo umebaki chini ya Uingereza ilhali Hispania haijaacha kuudai. Nchi yenyewe haifiki kilomita za mraba saba, na sehemu kubwa yake ni mwamba mmoja wa mawe ya chokaa wenye kimo cha mita 426.

Kima nao wameingizwa katika mzozo huo bila kuulizwa. Kuna imani ya zamani kwamba siku watakapotoweka, Waingereza nao watafungasha virago. Imani hiyo ilichukuliwa kwa uzito kiasi kwamba, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, idadi yao iliposhuka na kubaki wachache wa kuhesabika kwa vidole, Waziri Mkuu wa Uingereza, Winston Churchill, aliagiza waletwe wengine kutoka ng'ambo ya bahari. Kwa miongo mingi walikuwa chini ya jeshi, likiwa na ofisa aliyepewa jukumu rasmi la kuwaangalia, mpaka mwaka 1992 kazi hiyo ilipohamishiwa kwa raia. Hadi leo huwekewa matunda, mboga na mbegu kila siku, na hutibiwa wanapougua. Nalitaja hili kwa makusudi: kima utakayemwona akimtazama mwanao kwa macho ya huruma kwa kawaida ameshapata riziki yake ya siku, na anachotamani kwenu ni sukari na chumvi, si kuokolewa na njaa.

Sasa tuje kwenye hofu yako, ambayo ina msingi, ila imetokana na mnyama mwingine. Tumbili wa Diani ni mwepesi, uzito wake ni kilo chache tu, na ujasiri wake ni wa mwizi: hunyakua, hukimbia, hupanda mti na kukuchekea kutoka juu. Dume la kima wa Gibraltar linaweza kupita kilo 15, lina chonge ndefu kuliko unavyotarajia, na limezaliwa na kukulia miongoni mwa watu. Hilo halikimbii. Linaweza kuketi juu ya ukuta kando yako, likafungua zipu ya begi la mgongoni kwa vidole vyake kana kwamba begi ni lake, na ukilivuta ndipo ugomvi unapoanza, kwa sababu kwa desturi za kundi lake wewe ndiye uliyepora. Hawa si wanyama wa kufugwa. Ni wanyama wa porini waliokwisha kutuzoea, na mnyama aliyezoea anaweza kuwa mgumu kuliko anayetuogopa. Kwa hiyo begi libebwe kifuani na lifungwe, miwani na kofia ya yule mdogo viwekwe ndani mnapowakaribia, na ikitokea kitu kimenyakuliwa, kiacheni. Simu hununuliwa nyingine.

Jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi ni namna ya kusoma uso wa kima, na hapa ndipo binti yako wa miaka tisa atakapofurahi zaidi, kwa kuwa watoto hujifunza lugha hii haraka kuliko wakubwa. Kima huyu anapotishia, huinua nyusi, hukaza macho na kuvuta midomo mbele ikawa mviringo. Mgeni akiona hivyo hudhani anapelekewa busu, naye hujibu kwa kusogeza uso na kutoa midomo yake, yaani kwa lugha ya kima amekubali ugomvi. Kinyume chake, anapogonganisha meno harakaharaka huku midomo imerudi nyuma, sura inayowatisha watu, mara nyingi anatafuta amani au anamsalimu mwenzake. Kupiga miayo mbele ya watu, hasa kwa dume, si lazima kuwe dalili ya usingizi; mara nyingi ni wasiwasi, na hapo ndipo chonge huonekana vizuri. Mfundishe mtoto mambo matatu hayo kabla hamjaondoka Marbella, pamoja na sharti la kutomkazia kima macho, na utakuwa umemkinga kuliko ukimshika mkono siku nzima. Yule wa miaka minne hawezi kufundishika kiasi hicho, na kimo chake kinalingana na macho ya dume lililoketi juu ya ukuta mfupi. Huyo ashikwe mkono, na asiachwe akimbie kati ya mama na kitoto chake.

Vitoto vyenyewe ndivyo sababu nzuri ya kwenda Agosti licha ya joto na msongamano. Kima hawa huzaa kuanzia machipuko hadi kiangazi, na kitoto huzaliwa na manyoya meusi ambayo baada ya miezi kadhaa hugeuka kuwa ya rangi ya mchanga kama ya wazazi, kwa hiyo Agosti mtaweza kuviona vingine vikiwa bado vyeusi. Kisha mtaona jambo lisilo la kawaida kwa jamaa zao wengi: dume kubwa, lenye sura ya kutisha, limebeba kitoto mgongoni au limekipakata tumboni, na si lazima kiwe chake, wala lenyewe halina njia ya kujua kama ni chake. Dume hilo hukichukua kitoto likamwendea dume jingine, kisha wawili hao hukaa uso kwa uso, kitoto kikiwa katikati, wakakiinua, wakakinusa na kugonganisha meno kwa pamoja. Watafiti hulieleza jambo hilo kuwa ni njia ya madume kukaribiana bila kupigana, kitoto kikiwa kama hati ya kusafiria inayolinda aliyekibeba. Mimi binafsi sijapata kuchoka kulitazama. Watu wengi huwa wamesimama hatua kumi kutoka hapo, wameupa mchezo huo kisogo, wanahangaika kumvuta kima mwingine kwa ganda la chungwa.

Kuhusu picha ya begani, jibu langu ni hapana, na nitakueleza bila kumlaumu jirani yako. Kima hampandi mtu asiyemfahamu kwa mapenzi. Kwa kawaida amefunzwa, ama na mwongozaji fulani, ama na wageni wa miaka mingi, kwamba begani mwa mtu pana malipo. Kwa mtu mzima aliyetulia mara nyingi mambo hupita salama. Kwa mtoto wa miaka tisa, ambaye atashtuka, atapiga kelele na kuinua mikono, kima atajishikilia kwa nguvu pale alipo, na pale alipo ni karibu na sikio na shavu. Dereva au mwongozaji akijitolea kumwita kima aje begani, mkatalieni kwa adabu. Msimamisheni binti mita tatu hivi kutoka kwa kima aliyeketi ukutani, mpiga picha achutame, na nyuma yao patokee bahari na milima ya Moroko. Picha hiyo itakuwa na bara zima ndani yake.

Ikiwa, Mungu apishe mbali, mtu amekwaruzwa au kung'atwa, osheni jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa muda mrefu, dakika 15 si nyingi, kisha nendeni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ngozi imechubuka kidogo tu. Gibraltar ina Hospitali ya St Bernard's, na umbali wowote ndani ya nchi hiyo ni mfupi. Msingoje kurudi Marbella, na msikubali maneno ya mpita njia kwamba "hawa hawana neno".

Suala la pasipoti ya mume wako linahitaji uangalifu kuliko kima wote. Ukaazi wa Uingereza, hata uwe wa kudumu, haumpi mwenye pasipoti ya Tanzania ruhusa ya kuingia Hispania, kwa hiyo viza ya Schengen, yaani ya eneo la nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja, ataihitaji kwa likizo yenyewe. Mtego uliowanasa wasafiri wengi kwa miaka mingi ni viza ya kuingia mara moja: ukivuka kwenda Gibraltar ulihesabiwa umetoka eneo la Schengen, na jioni, hoteli yako ikiwa Marbella na nguo zako zikiwa kabatini, viza yako ilikuwa imekwisha kazi. Kwa hiyo aombe viza ya kuingia mara nyingi tangu mwanzo. Tena, Gibraltar imekuwa na masharti yake ya kuingia, na kuwa chini ya Uingereza hakumaanishi kwamba kila hati inayokubalika London inakubalika pale. Tarehe 11 Juni 2025 yalitangazwa makubaliano ya kisiasa kati ya Umoja wa Ulaya, Uingereza, Hispania na Gibraltar ya kuondoa ukaguzi wa watu kwenye uzio wa mpaka, jambo linalobadilisha taratibu za tangu zamani. Kwa hiyo msitegemee simulizi ya aliyekwenda mwaka juzi, wala hii yangu, bali someni tangazo rasmi la serikali ya Gibraltar na la ubalozi wa Hispania kabla hamjalipia chochote. Endapo hati zake zina shaka yoyote, abaki La Línea, mji wa Kihispania ulio mpakani, siku hiyo; fukwe zake ni nzuri na mwamba wote unaonekana kutoka hapo.

Siku yenyewe ningeipanga hivi. Kutoka Marbella hadi La Línea de la Concepción ni takriban kilomita 80. Ondokeni mapema, gari mliegeshe La Línea, mvuke kwa miguu, kwani foleni ya magari mpakani imejulikana kula saa nzima. Mkishavuka mtafika mahali ambapo huenda watoto wakapapenda kama wanavyowapenda kima: njia ya kurukia ndege inakata katikati ya njia ya kuelekea mjini. Tangu mwaka 2023 magari hupita katika handaki, lakini wenye miguu bado huikatiza lami yenyewe, na ndege ikikaribia, watu huzuiwa hadi itue.

Angalieni kilele kabla ya kulipia lolote. Upepo wa mashariki, ambao wenyeji huuita Levanter, huleta wingu likakaa juu ya mwamba kama kilemba, huku pande zote nyingine kukiwa na jua kali. Siku ya namna hiyo juu hakuonekani kitu. Gari la nyaya la kupandia kileleni lilifunguliwa mwaka 1966, lakini upepo ulikuwa ukilisimamisha na uliandaliwa mradi wa kulibadilisha, hivyo msiifunge siku yenu nalo. Kwa familia yenye mtoto wa miaka minne ningechagua teksi kubwa zinazopanda hifadhini na kusimama sehemu kuu, mkapatana bei na vituo kabla ya kuingia, na mkamwambia dereva waziwazi kwamba hamtaki kima aitwe. Asubuhi kima huwa wachangamfu. Kufikia saa sita mchana wengi wamejilaza vivulini, na waliobaki barabarani ni wale wanaosubiri wageni, ambao ndio wenye tabia mbaya kuliko wote.

Wakati wa jua kali ingieni Pango la Mtakatifu Michael, ambalo lina baridi na lina nguzo za mawe zilizojengwa na matone ya maji kwa maelfu ya miaka. Kuna hadithi kwamba pango hilo lina njia ya chini ya bahari iliyowaleta kima kutoka Afrika. Ni hadithi tu, ila nimeona watoto wakiipenda kuliko ukweli, kwamba waliletwa na watu kwa vyombo vya majini. Mahandaki yaliyochimbwa na Waingereza wakati wa mzingiro wa miaka ya 1779 hadi 1783 ni ya ajabu kwa mtu mzima. Mdogo wenu atachoka, na sioni haja ya kumlazimisha. Ngazi za upande wa mashariki wa mwamba, zenye sifa kubwa, ziacheni kabisa kwa safari isiyo na watoto na isiyo ya Agosti.

Alasiri shukeni hadi Europa Point, ncha ya kusini, kwa teksi au kwa basi. Upo mnara wa taa wa mwaka 1841, na karibu yake Msikiti wa Ibrahim-al-Ibrahim, zawadi ya Mfalme Fahd wa Saudi Arabia, uliofunguliwa mwaka 1997. Kama mmezoea kuswali kwa wakati hata safarini, hapo ni mahali pa kupumzisha roho na miguu kwa pamoja. Waislamu wengi wa Gibraltar ni Wamoroko, na wengi wao walikuja kufanya kazi baada ya Jenerali Franco, mtawala wa Hispania, kuufunga mpaka mwaka 1969 na wafanyakazi wa Kihispania kukatiwa njia. Kukiwa hakuna ukungu, milima ya Moroko itaonekana mbele yenu, na mtamwonyesha binti ni wapi hasa asili ya kima aliowatazama asubuhi.

Chakula chenu kileni mjini, ndani ya nyumba, na mabaki yatieni katika pipa lenye kifuniko, maana kima hushuka hadi mitaani kupekua taka na hurudi walikopata. Mkilipa kwa pauni za Uingereza huenda mkarudishiwa noti za Gibraltar, ambazo thamani yake ni ileile lakini madukani Leicester hazitapokelewa. Zitumieni kabla ya kuvuka, au muombe chenji ya noti za Uingereza. Na pakiti ya karanga, kama watoto wameshaahidiwa, iacheni garini La Línea mwifungue mkiwa njiani kurudi Marbella.